Ukungu-ute kwenye maabara ya Mombasa: kimeng'enya kisipopanda, au kikipanda wakati usio wake

Maswali yanayonifikia kuhusu ukungu-ute uitwao Dictyostelium discoideum hufanana. Mwanafunzi ameotesha seli, amezinyima chakula, amekesha akichukua sampuli kila baada ya saa mbili, kisha grafu ya vimeng'enya inakataa kufuata ile ya kitabuni. Jambo la kwanza analofikiria ni kuagiza vitendanishi vipya kutoka Nairobi. Pesa zinatoka, siku zinapita, na mara nyingi chupa haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye seli zenyewe, na lingeonekana kwa hadubini ndogo kabla ya kupima chochote.

Kiumbe hiki hakifuati saa ya ukutani. Hutengeneza vimeng'enya vyake kulingana na hatua kilichofikia, na kulingana na kama seli ziko pamoja au zimetengana. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya dalili zilizo hapa chini utazitatua mwenyewe.

Kwanza, hali ya kawaida

Kenneth Raper alikipata kiumbe hiki mwaka 1933 kwenye majani yaliyooza ya msitu wa North Carolina, Marekani, akakieleza rasmi mwaka 1935. Licha ya kuitwa ukungu, si kuvu, ni ameba. Ni mkazi wa msitu wa baridi, ndiyo maana joto lake la maabara ni nyuzi 22, na ndiyo maana Mombasa humpa taabu ambazo vitabu vingi havizitaji.

Seli zikiwa na chakula, kila moja hula bakteria kivyake na kugawanyika. Chakula kikiisha, tunaanza kuhesabu saa kutoka sifuri, na saa za mwanzo huoni kitu. Kati ya saa ya 6 na ya 10 seli huanza kutoa mapigo ya saikliki AMP, yaani cAMP, takriban kila dakika sita, na kusogeleana kwa vijito. Karibu saa ya 12 unaona kilima chenye ncha. Saa ya 16 kilima kimelala na kuwa koa anayeweza kutambaa. Kuanzia saa ya 18 koa anasimama, na ifikapo saa ya 24 kuna shina jembamba lililobeba kichwa cha spora. Takriban seli moja kati ya tano hufa ili kuwa shina. Zilizobaki huwa spora.

Vimeng'enya huja kwa zamu. Alfa-manosidasi na N-asetiliglukosaminidasi huanza kupanda saa za mwanzo za njaa, kabla hujaona seli yoyote ikimsogelea mwenzake. Trehalosi fosfeti sinthasi, inayotengeneza sukari ambayo spora huitumia kuamka, huja baadaye, mkusanyiko ukiendelea. UDP-glukosi pairofosforilasi haikosekani hata kwenye seli zinazokula, lakini huongezeka mara kadhaa kuanzia hatua ya kilima. UDP-galaktosi transferasi huanza kuonekana kilima kikishafanyika, na hufika kileleni koa anaposimama. Fosfatasi ya alkali na aina ya pili ya beta-glukosidasi hufunga msafara, wakati shina linapanda.

Kwa hiyo kila sampuli kwenye daftari lako iwe na vitu viwili: saa, na hatua. Hesabu maumbo mia moja kwenye kichujio, yaani karatasi ya kuchujia iliyo juu ya pedi yenye maji, ambapo seli zenye njaa hutandazwa, andika mangapi ni vilima, mangapi ni koa, mangapi yamesimama. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Bila hiyo, huwezi kutatua tatizo lolote kati ya haya.

Dalili ya 1: Mirija yote haina rangi, au yote ina rangi

Hili ni tatizo la kipimo, si la seli, na ndilo jepesi kuliko yote.

Vimeng'enya vingi vya mapema hupimwa kwa sabstreti, yaani kemikali ambayo kimeng'enya huikata, inayoachia p-nitrofenoli, ambayo ni ya njano kwenye alkali tu. Kipimo cha alfa-manosidasi hufanywa kwenye pH ya karibu 5, na hapo mrija hubaki mweupe kama maji hata kimeng'enya kikiwa kimefanya kazi yote. Ukidondosha sodiamu kaboneti ya mola 1, njano huchanua papo hapo kuanzia pale tone lilipoangukia. Kama hukuweka kaboneti, au iliyopo ni nyepesi mno kushinda tindikali ya bafa (maji yanayoshikilia pH), utasoma sifuri kwenye nanomita 405. Jaribu kwanza kuongeza tone moja zaidi kwenye mrija uleule. Ukigeuka njano, umemaliza.

Ikiwa bado hakuna rangi, angalia kama seli zilipasuka. Kugandisha na kuyeyusha mara moja au mbili, pamoja na sabuni ya maabara iitwayo Triton X-100 ya asilimia 0.1, hutosha kwa vimeng'enya vya mapema. UDP-glukosi pairofosforilasi na wenzake wa baadaye ni dhaifu zaidi. Hao wasiachwe mezani hata dakika chache kwenye joto letu. Barafu iwe tayari kabla ya kufungua inkubeta.

Mirija yote ikiwa ya njano, pamoja na ule usio na seli, sabstreti imeharibika yenyewe. Hutokea sana kwa kifurushi kilichosafiri usiku kwa basi kisha kikashinda juani ofisini kwa wenye basi. Yeyusha kiasi kidogo kwenye bafa bila seli, ongeza kaboneti, soma. Ikiwa usomaji huo peke yake uko juu, hapo ndipo kuagiza upya kuna maana.

Fosfatasi ya alkali ina mtego wake. Fosfeti huizuia. Ukipasulia seli kwenye bafa ileile ya fosfeti uliyotumia kuziotesha, kimeng'enya kitaonekana hakipo ilhali kipo. Osha na pasulia kwenye Tris, bafa isiyo na fosfeti.

Dalili ya 2: Alfa-manosidasi imepanda vizuri, lakini vya baadaye vimelala

"Mwalimu, mbona manosidasi ni nzuri na hizi nyingine zote ziko chini?" Swali hili huja kuliko jingine lolote, na lina jibu zuri kwa sababu dalili yenyewe inakuonyesha ni wapi pa kutazama. Alfa-manosidasi inahitaji njaa tu. Seli hata zisipokusanyika, hupanda. Mtafiti William Loomis alitumia mbegu (yaani nasaba za seli) zilizobadilika jeni, zile zilizokwama katika hatua mbalimbali, kuonyesha kwamba vimeng'enya hivi vimefungwa kwenye mlolongo: mbegu isiyoweza kukusanyika hutengeneza vya mapema na kuishia hapo. Basi ukiona picha hii, usipime tena. Funua kichujio utazame. Karibu kila mara utakuta seli zimetandazika bapa bila vijito, au zimeanza vilima ambavyo havina ncha.

Sababu, kuanzia ile ya kawaida kabisa:

*Joto.* Inkubeta ya kawaida ya maabara ya bakteria inajua kupasha tu, haijui kupoza. Ukiiweka nyuzi 22 kwenye chumba cha nyuzi 29, taa ya kijani itawaka na ndani kutabaki nyuzi 29. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana. Kwenye nyuzi 30 seli hizi huanza kutengeneza protini za mshtuko wa joto na kupunguza kazi nyingine; kwenye nyuzi 34 hufa baada ya saa chache. Usitazame kioo cha inkubeta. Weka ndani kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kabisa, ukisome asubuhi. Kama stima ilikatika saa nane usiku ikarudi saa kumi, namba itakuambia hata kama mlinzi hakukuambia. Unahitaji inkubeta inayopoza, au chumba kidogo chenye kiyoyozi cha saa zote. Ukikosa vyote viwili, sanduku la kupozea lenye chupa za maji baridi zinazobadilishwa kila baada ya saa chache hufanya kazi kwa jaribio la siku moja, ilimradi mtu awepo usiku.

*Msongamano.* Kichujio cha milimita 47 kinahitaji karibu seli milioni 50 zilizotandazwa sawasawa. Zikiwa chache mno, mapigo ya cAMP hayafiki kwa jirani. Hesabu kwa hemosaitomita, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli chini ya hadubini, usikadirie kwa ukungu wa chupa.

*Seli zilizochelewa kuvunwa.* Katika HL5, kimiminika cha chakula kisicho na bakteria, zivune zikiwa kati ya milioni 1 na milioni 4 kwa mililita. Zikiachwa zifike milioni 10 na kuendelea, huchoka, na mkusanyiko huwa wa kusuasua.

*Chakula kilichobaki.* Mabaki ya HL5 au bakteria huziambia seli kwamba njaa haijafika. Osha mara tatu au nne kwenye bafa baridi, sentrifuji ya mwendo mdogo, mpaka maji ya juu yawe safi kabisa.

*Maji.* Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na ya mfereji yana klorini. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yasitumike bila kupimwa pH na upitishaji wa umeme. Mengine yana tindikali. Jaribio rahisi: tengeneza bafa kwa maji yako na nyingine kwa maji yaliyosafishwa unayoyaamini, uweke seli zilezile pande zote mbili.

*Mbegu iliyochakaa.* Ukihamisha seli chupa hadi chupa kwa miezi, zile zisizojishughulisha na kukusanyika hushinda, kwa sababu kwenye chupa hakuna anayezidai. Rudi kwenye akiba ya spora au ya friza kila baada ya wiki chache. Mbegu za AX2, AX4 na nyingine nyingi hupatikana kwa Dicty Stock Center, Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago. Spora zilizokaushwa kwenye chembe za silika hustahimili miaka, kwa hiyo maabara isiyo na friza ya kuaminika haina sababu ya kutegemea seli hai peke yake.

Ukirekebisha haya yote na bado vilima havitoi ncha, ingia ndani zaidi. Mapigo madogo ya cAMP huamsha jeni za mapema, ikiwa ni pamoja na jeni za vifaa vya kutumia mapigo yenyewe: kipokezi, kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, na fosfodiesterasi inayoivunja ili pigo linalofuata lisikike. Baadaye, ndani ya kilima, cAMP inakuwa nyingi na ya kudumu, na hapo ndipo jeni za baadaye hufunguka kwa msaada wa protini iitwayo GBF. Unaweza kuzipa seli mapigo kwa pampu: nanomola 30 kila dakika sita, kwenye chupa inayotikiswa, kwa saa nne hadi sita. Kisha ziweke kwenye kichujio. Zikikusanyika sasa, shida ilikuwa kwenye kutoa mapigo. Zisipokusanyika, hazisikii, na huenda mbegu uliyo nayo siyo iliyoandikwa kwenye chupa.

Simama hapa: kama mbegu mbili kutoka akiba tofauti zimekataa kukusanyika kwenye joto lililothibitishwa, usiendelee kubahatisha. Pata mtu wa jenetiki ya molekuli akuhakikishie utambulisho wa mbegu kwa PCR. Na inkubeta inayopoza ikianza kuyumba joto, mwite fundi wa majokofu. Gesi na kompresa si kazi ya mwanafunzi mwenye bisibisi.

Dalili ya 3: Koa wanatambaa usiku kucha na vimeng'enya vya mwisho havifiki

Hii ni dalili ya pwani. Utaiona zaidi wakati wa masika, Aprili na Mei, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Unafungua bakuli la petri saa ya 24 ukitarajia spora. Chini ya kifuniko kuna matone, na juu ya kichujio cheusi kuna koa, kila mmoja ameacha nyuma yake njia ya ute, mrija mtupu uliobonyea unaong'aa ukiuinamisha taa. UDP-galaktosi transferasi iko chini. Fosfatasi ya alkali haipo.

Hapa hakuna kilichoharibika. Koa akiwa kwenye unyevu, giza, chumvi kidogo na amonia nyingi, huamua kusafiri badala ya kusimama. Watafiti Peter Newell na Maurice Sussman walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba koa anaposafiri, ratiba ya vimeng'enya vya baadaye husimama pia. Akipata sababu ya kusimama, ratiba huendelea kutoka ilipoachwa. Kwa maneno mengine, saa ya 30 ya koa msafiri inaweza kuwa sawa na saa ya 16 ya mwenzake aliye kwenye bafa nzuri. Ukiwachanganya kwenye mrija mmoja, utapata wastani usio na maana.

Angalia vitu hivi kwa mfuatano:

Kwanza unyevu. Pedi chini ya kichujio iwe imelowa, isiwe inaogelea. Inamisha bakuli, maji yakikusanyika upande mmoja, yafyonze kwa karatasi. Futa matone ya kifunikoni.

Pili bafa. Ukioteshea kwenye agari ya maji matupu unawaalika kusafiri. Tumia bafa ya fosfeti ya milimola 40, pH 6.5, pamoja na potasiamu kloridi na magnesiamu kloridi.

Tatu mwanga. Taa ya juu huwahimiza kusimama. Bakuli lililofungwa kwa karatasi ya foili lenye tundu dogo pembeni litawafanya wote waelekee kwenye tundu, jambo linalopendeza kwenye maonyesho ya sayansi lakini litakuharibia jaribio hili.

Nne amonia. Seli zenye njaa huchoma protini zao na kutoa amonia. Kwenye mabakuli yaliyorundikwa ndani ya mfuko wa plastiki haina pa kutokea. Yatawanye. Ukiona bado wanasita, bandika kifunikoni kipande cha pedi kilicholowa bafa nzito ya fosfeti ya pH 6 ili kinyonye amonia.

Mtu asikushauri kukausha bakuli wazi chini ya feni. Kichujio kitakauka ukingoni, koa wa katikati watabaki na maji, na utakuwa na hatua nne kwenye bakuli moja.

Dalili ya 4: Kimeng'enya kiko juu tangu saa sifuri

Sababu kubwa ni bakteria. Klebsiella, bakteria ambaye seli hizi hulishwa, ina beta-glukosidasi yake, na bakteria wana UDP-glukosi pairofosforilasi yao. Kama uliotesha seli kwa bakteria na ukaosha mara moja tu, unapima chakula, si mlaji. Pima sampuli ya bakteria peke yake. Itakuambia kila kitu.

Kama ulitumia HL5, kumbuka kwamba seli zilizozoea kunywa chakula huwa na vimeng'enya vya mmeng'enyo vingi zaidi tangu mwanzo kuliko zilizolishwa bakteria. Usilinganishe grafu yako ya HL5 na grafu ya mtu aliyetumia Klebsiella.

Sababu ya tatu inanivutia zaidi. Seli zinazokula hutoa protini inayozijulisha jinsi zilivyo nyingi ikilinganishwa na chakula kilichobaki. Kiasi chake kikipanda, alfa-manosidasi na baadhi ya protini nyingine huanza kutengenezwa kabla njaa haijafika. Kwa hiyo seli zilizovunwa zikiwa zimesongamana zina manosidasi juu, nawe unadhani jaribio limeharibika. Vuna mapema zaidi, na kila mara kwenye msongamano uleule.

Dalili ya 5: Kimeng'enya kimepanda hadi kiwango chake, kisha kikaanza kupanda tena

Uliza nani alivuruga kichujio. Hili ni jibu langu la kwanza, na la pili.

Newell, Jakob Franke na Sussman walichukua vilima na koa, wakavitenganisha kuwa seli mojamoja, wakaziacha zikusanyike upya. Seli hizo zilikuwa zimeshatengeneza kiasi chake cha kimeng'enya. Zilipokusanyika tena, zilitengeneza kiasi kingine juu ya kile cha kwanza. Gari likivuka feri ya Likoni, likirudi na kuvuka tena, hulipa upya. Stakabadhi ya asubuhi haisaidii. Kile kinachodhibiti kiasi ni mzunguko wa kukusanyika wenyewe, na seli zikitenganishwa mzunguko huanza upya.

Kwenye maabara hutokea hivi: mtu anachukua sampuli kwa kukwangua nusu ya kichujio, nusu nyingine inatikisika, maji yanaingia, vilima vinavunjika. Saa tatu baadaye vimejikusanya na vinaendelea. Dawa yake ni kichujio kimoja kwa sampuli moja. Otesha vichujio kumi na viwili mwanzoni, chukua kizima, usikiguse kingine.

Upande wa pili wa jambo hili huleta malalamiko ya kinyume: seli zilizotenganishwa na kuachwa zikitikiswa bila kukusanyika, RNA za jeni za baadaye hupotea upesi. Harvey Lodish na wenzake waliripoti hilo mwaka 1981, wakaonyesha pia kwamba kuongeza cAMP huziokoa. Ukitenganisha koa ili upime RNA au kimeng'enya, gandisha papo hapo. Kuacha mrija kwenye rafu ukiandaa chai kunatosha kubadilisha jibu.

Dalili ya 6: Kimepanda, kisha kimeshuka

Kwa trehalosi fosfeti sinthasi na UDP-galaktosi transferasi, kushuka mwishoni ni kawaida. Zikipanda na kubaki juu hadi saa ya 30, ndipo ushuku, pengine koa hawakusimama.

Kwa alfa-manosidasi na wenzake, kushuka mara nyingi ni kutoroka. Vimeng'enya hivi hukaa kwenye lisosomu, vifuko vya mmeng'enyo ndani ya seli, na seli zenye njaa huvimwaga nje. Ukipima seli tu, unaona upungufu. Pima na maji ya pedi, jumlisha.

Kisha kuna hesabu. Wengi hugawanya kimeng'enya kwa miligramu za protini bila kukumbuka kwamba seli hizi, kwa saa 24 za njaa, hula karibu nusu ya protini zao. Chukua vipimo 100 vya kimeng'enya kisichobadilika: saa sifuri kuna miligramu 10 za protini, unapata 10, saa ya 24 kuna miligramu 5, unapata 20. Kimeng'enya "kimeongezeka maradufu" bila hata molekuli moja mpya kutengenezwa. Toa matokeo kwa idadi ya seli ulizoweka kwenye kichujio, na uweke ya protini pembeni.

Simama hapa: sentrifuji ikitetemeka au kutoa harufu ya kuungua, zima ukutani na usifungue kifuniko mpaka isimame yenyewe. Mwite fundi wa vifaa vya maabara. Ni hivyohivyo kwa otoklevu yenye mpira wa kifuniko unaovuja. Mvuke huo huchoma uso.

Dalili ya 7: Dawa ya kuzuia haikuzuia

Wanaotaka kujua kama kimeng'enya kinatengenezwa upya au kinaamshwa tu hutumia saikloheksimaidi, inayozuia utengenezaji wa protini, na aktinomaisini D, inayozuia utengenezaji wa RNA. Mnamo 1968 kundi la Sussman lilizitumia kuonyesha kwamba kila kimeng'enya kina kipindi chake cha kuandikwa RNA, na kwamba kipindi hicho hutangulia kimeng'enya kwa saa kadhaa.

Hapo ndipo jibu la dalili hii lilipo. Ukiweka aktinomaisini kimeng'enya kikiwa tayari kinapanda, RNA imeshaandikwa, na kitaendelea kupanda kana kwamba hukuweka kitu. Dawa imefanya kazi, umechelewa wewe. Weka kwa nyakati tofauti, kila kichujio na saa yake, na utaona mpaka ulipo.

Kama haizuii hata ikiwekwa mapema, kiwango ni kidogo. Ameba hizi huhitaji kiasi kikubwa kuliko seli za wanyama: karibu mikrogramu 125 kwa mililita za aktinomaisini, na 500 za saikloheksimaidi. Hakikisha pia dawa imefika kwa kuhamishia kichujio kizima kwenye pedi mpya iliyolowa dawa.

Tatizo la tafsiri ni gumu zaidi. Dawa hizi husimamisha na ukuaji wenyewe. Kilima kilichowekewa saikloheksimaidi hakitakuwa koa. Kwa hiyo kimeng'enya kisipopanda, huwezi kusema moja kwa moja kwamba umezuia jeni yake. Huenda umezuia hatua inayoiamuru. Kwa mwenye uwezo, kupima RNA ya jeni husika kwa kila hatua hutoa jibu safi zaidi, na tangu jenomu yote isomwe mwaka 2005, mfuatano wa jeni hizi uko wazi kwa yeyote kutengeneza praima, vipande vifupi vya DNA vya kupimia jeni hizo.

Simama hapa, na hili si la hiari: aktinomaisini D ni dawa ya saratani, na saikloheksimaidi ni sumu kwa mtu. Unga wake upimwe ndani ya kabati la kufyonza hewa na mtu aliyefunzwa, mwenye glavu na miwani. Maabara isiyo na kabati hilo isinunue unga. Iagize iliyoyeyushwa tayari, au iache jaribio. Ikimwagika kwenye ngozi, osha kwa maji mengi na uende hospitali ukiwa na karatasi ya chupa. Pedi, vichujio na maji yaliyogusa dawa yasimwagwe kwenye sinki wala kutiwa kwenye pipa la taka za bakteria: otoklevu haziharibu aktinomaisini kiasi cha kuaminika. Zikusanye kwenye chombo chenye kifuniko na lebo, uzikabidhi kwa afisa wa usalama wa kemikali wa taasisi yako. Kama taasisi haina afisa huyo, mpate kwanza, ndipo uagize dawa.